Vita vya Bukoba Vilivyotoka Vitabuni

Alfajiri ya Juni 22, 1915, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mzee wa miaka 63 aliteremka ufukweni pamoja na askari wenzake na kuanza kuparamia genge, bunduki mkononi. Alikuwa Frederick Courteney Selous, mwindaji wa tembo aliyevuma Ulaya nzima. Mtu wa umri huo, kwa desturi za huku Kagera, huwa ameshawaachia wanawe ugomvi. Hukaa nje ya nyumba, akasuluhisha kesi za mipaka ya migomba na kunywa rubisi. Selous alikuwa amevaa magwanda, na waliokuwa naye waliandika baadaye wakiisifu miguu yake.

Mwaka 1881 Selous alitoa kitabu cha safari zake za uwindaji kusini mwa Afrika, A Hunter's Wanderings in Africa. Miaka minne baadaye Rider Haggard akatoa King Solomon's Mines, riwaya ya mwindaji wa Kizungu anayeitwa Allan Quatermain, na wengi wamesema kwamba Quatermain alichongwa kwa mfano wa Selous. Kizazi kizima cha wavulana wa Kiingereza kilikua na riwaya hiyo chini ya mto. Sasa wavulana wale walikuwa watu wazima wenye bunduki, na shujaa wao mwenyewe alikuwa nao mstari wa mbele. Ni nadra sana vita kupiganwa na mtu aliyetoka kwenye kurasa.

Kikosi chao kilikuwa Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, iliyotokana na Legion of Frontiersmen, chama kilichoanzishwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na Roger Pocock, msafiri na mwandishi wa hadithi za ujasiri. Wanachama walikuwa wawindaji, mabaharia, wachimba dhahabu na wapiganaji wa zamani wa vita vya Makaburu. Kamanda wao, Kanali Daniel Patrick Driscoll, alijipatia jina katika vita hivyo. Ndani ya batalioni alikuwemo pia Cherry Kearton, mpiga picha za wanyama ambaye filamu zake zilikwisha kuonyeshwa London kabla ya vita. Kitabu na filamu viliingia Ziwa Victoria pamoja na risasi.

Leo, katika miji ya Uingereza, Ujerumani na Marekani, wapo watu wazima wanaokutana mwishoni mwa wiki kuzunguka meza iliyopambwa milima ya karatasi na mito ya rangi, wakasogeza vijisanamu vya askari vya bati na kurusha dadu ili kujua nani ameuawa. Vita vya wakoloni Afrika ni sehemu kubwa ya burudani hiyo. Wachezaji hawafichi walikoipata hamu: waliona filamu utotoni au walisoma kitabu, wakatamani kuyapanga mapigano upya kwa mikono yao. Kwa mtu wa Nyaishozi, hapa Karagwe, jambo hili linaweza kuonekana la mbali. Lakini mnyororo wa vitabu hivyo ulipita hapa mapema, na baadhi ya pete zake zilifuliwa Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe.

Novemba 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Grant waliingia Karagwe, wakafika kwa mfalme wake, Mukama Rumanika. Speke alikuwa ametoka kunyang'anywa vitu na kucheleweshwa na watemi wa njiani. Kwa Rumanika akakuta makaribisho, ulinzi na mwenyeji aliyeuliza maswali mengi juu ya dunia. Kitabu chake cha mwaka 1863 kiliifanya Karagwe kuwa pahali pa kupumzikia katika fikra za wasomaji wa Ulaya: ng'ombe wenye pembe ndefu, ziwa dogo ambalo wageni hao walilibandika jina la Windermere kwa kukumbuka kwao, na wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Mmoja wao Speke alimpima mwili, akachapisha vipimo. Hapo ndipo wasomaji wengi hucheka na kufunua ukurasa.

Kilichostahili kusomwa polepole ni siasa. Rumanika hakuupata utawala kwa usingizi. Alipigana na ndugu yake, ambaye Speke anamwita Rogero, na kwa simulizi ya Speke mfanyabiashara wa Unyanyembe, Musa Mzuri, alitoa pembe za ndovu ili Suna, Kabaka wa Buganda, atume jeshi kumsaidia Rumanika. Kuna kila kitu hapo: ndugu wawili, jeshi la kukodi, tajiri anayelipia vita akiwa Unyanyembe, majuma kadhaa ya mwendo kutoka hapa, na jirani mwenye nguvu anayesubiri faida yake. Kama kuna mtu anatafuta vita vya kupanga mezani, hivi vina utamu kuliko misafara kumi ya Wazungu. Lakini Speke alivitaja kama habari ya pembeni, na waliomfuata wakaviacha pembeni.

Msafiri Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876. Karibu na ikulu, huko Kafuro, alikuta kituo cha wafanyabiashara wa pwani, Kiswahili kikisemwa na shehena za pembe zikihesabiwa. Rumanika akamwonyesha nyumba ya hazina. Katika kitabu chake cha 1878 Stanley anaorodhesha aliyoyaona: mikuki ya kifalme, sanamu za bata za shaba nyeupe, ng'ombe wadogo wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Wahunzi wa Karagwe walikuwa mafundi wa vijisanamu vya madini, ila vyao vilikuwa alama za ufalme na si vya kuchezea. Stanley alivichora, akasonga mbele kutafuta mito.

Mwaka 1913, H. G. Wells, mwandishi aliyekwisha kuwatisha Waingereza kwa hadithi ya wavamizi kutoka sayari ya Mars, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Little Wars. Maofisa wa Prussia walikuwa wakifanya mazoezi ya vita juu ya ramani tangu miaka ya 1820, lakini Wells aliuleta mchezo sebuleni: askari wa bati sakafuni, mizinga ya kitoto inayorusha vijiti, na kanuni za nani anasogea umbali gani. Alidai kwamba vita vidogo ni bora kuliko vikubwa, na kwamba anayeucheza mchezo huu vizuri ataona upumbavu wa vita vya kweli. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza.

Ndipo tunarudi Bukoba. Mji ule ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichowekwa na Emin Pasha mwaka 1890, mwaka uleule ambao London na Berlin zilikubaliana mpaka wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, bila kuujali Mto Kagera ulikopita. Mwaka 1915 Bukoba ilikuwa na ngome, boma na mtambo wa simu ya upepo wenye mlingoti mrefu, ambao Waingereza walitaka unyamaze. Brigedia Jenerali J. A. Stewart alipakia watu wake Kisumu katika meli za ziwa: Frontiersmen, askari wa Loyal North Lancashire, askari Waafrika wa King's African Rifles, na mizinga ya milimani kutoka India.

Walitaka kushuka gizani. Walinzi wa Kijerumani wakawaona, wakarusha fataki za ishara, na mpango ukabadilika. Wakashuka kaskazini mwa mji, mahali penye genge kali ambapo hapakuwa na ulinzi, kwa sababu mwenye akili timamu asingetegemea adui apande pale. Wakapanda. Siku ile yote ilikwisha kwa kuvuka migomba, mawe na vinamasi huku risasi zikitoka vichakani. Usiku wakalala walipofika, wamelowa. Tarehe 23 mvua kubwa ikanyesha, mapigano yakaendelea, na kabla siku haijaisha Wajerumani wakauacha mji. Mlingoti ukaangushwa, ngome ikalipuliwa.

Halafu Driscoll akaomba ruhusa vijana wake wauteke nyara mji, na Stewart akakubali. Ruhusa ilikuwa ya kupora tu, lakini ukishafungulia mlango wa ghala la pombe huwezi tena kusimamia kilichobaki. Majumba yalivunjwa, nguo na sigara zikabebwa, watu wakalewa. Jioni jeshi likapanda meli likarudi Kisumu. Wajerumani wakarejea Bukoba, na Waingereza hawakuja kukaa hadi 1916, Wabelgiji wa Jenerali Tombeur walipokuwa wakishuka kutoka Rwanda kuelekea Biharamulo na Tabora, na mstari wote wa Kagera ukavunjika.

Wapenzi wa mchezo wa mezani wanalipenda tukio hili, na mtu anaweza kuona sababu. Lina mwanzo na mwisho ndani ya siku mbili, jeshi dogo kila upande, meli, genge, mvua, mlingoti wa kuangusha, na mtu mashuhuri wa kumweka katikati ya meza. Na wenyewe waliokuwepo waliandika. Angus Buchanan wa batalioni hiyohiyo alitoa Three Years of War in East Africa mwaka 1919. Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi, alichapisha shajara yake mwaka 1960, tamu kuisoma, yenye dharau kwa karibu kila mkubwa wake. Wanahistoria wamekuja kugundua kwamba shajara za Meinertzhagen hazitegemeki: mengine aliyaongeza baadaye, mengine aliyatunga. Hata hivyo maneno yake yangali yananukuliwa katika vitabu vinavyowafundisha wachezaji namna mapigano ya Tanga na Bukoba yalivyokwenda. Mtu anayejenga meza yake juu ya Meinertzhagen ajue anacheza riwaya.

Kwa upande wa Wajerumani kazi hiyo ya kuandika ilifanywa na kamanda wao mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck. Novemba 1914 aliwashinda Waingereza Tanga akiwa na askari wapatao 1,000 dhidi ya 8,000 waliotoka India, huku nyuki wakiwavamia wapiganaji. Akaendelea kukimbizana nao hadi alipojisalimisha Abercorn Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Mwaka 1920 alitoa kumbukumbu zake, na kitabu kingine kwa ajili ya vijana, Heia Safari!. Humo askari Mwafrika ni mtiifu siku zote, haulizi mshahara, hatoroki. Mwongozaji Herbert Selpin akaifanya vita hii filamu mwaka 1934, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika. Filamu hiyo ilipigwa marufuku na Wanazi ilipofika 1939 kwa kuonekana laini kwa Waingereza, kisha washindi wa 1945 nao wakaipiga marufuku kwa kuonekana ya kijeshi. Selpin hakuishi kuona marufuku ya pili. Alikamatwa mwaka 1942 kwa kuwakashifu maofisa wa jeshi alipokuwa akitengeneza filamu ya Titanic, akakutwa amekufa selo.

Filamu za Kiingereza ni nyingi, na nyingine hazistahili kuchelewesha mtu. Sanders of the River ya 1935 inastahili, kwa sababu miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kusimama nyuma ya Paul Robeson alikuwemo kijana aliyekuwa akisoma London, Jomo Kenyatta. Robeson baadaye aliikana filamu hiyo. King Solomon's Mines ya 1950 ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi. Wafalme wa kubuni wa Haggard wakapewa sura za Watutsi wa Astrida, jirani zetu wa ng'ambo ya Kagera, na kwa hiyo mtazamaji wa Karagwe anaweza kuona mavazi na michezo ya ngoma asiyoiona ngeni. Zulu ya 1964 ndiyo iliyoleta wachezaji wengi zaidi mezani. Inasimulia kituo cha Rorke's Drift, Januari 1879, Waingereza wachache nyuma ya magunia ya mahindi, na Mangosuthu Buthelezi akiigiza Mfalme Cetshwayo, babu wa mama yake mzazi. Mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alitoa kanuni za mchezo alizoziita The Sword and the Flame, zenye karata za kuamua zamu na dadu za kuamua vifo, kwa ajili ya watu waliotaka kuiishi filamu ile. Siku hizi unaweza kununua kijisanamu cha rugaruga, askari wa Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, chenye urefu wa milimita 28, ukakipaka rangi mwenyewe.

Mirambo kwenye meza ya mtu wa Birmingham: sioni ubaya. Ubaya ni kwamba Lugalo haipo kwenye sinema. Agosti 17, 1891, Wahehe wa Mkwawa waliangamiza msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski kwa muda mfupi sana, wakachukua bunduki zake na mizinga. Ni pigo kama lile Wazulu walilowapa Waingereza huko Isandlwana, lakini Isandlwana ina filamu na Lugalo haijulikani kwa watazamaji hao.

Lakini The African Queen ndiyo ninayotaka kukaa nayo. C. S. Forester aliandika riwaya hiyo mwaka 1935, John Huston akaitengeneza filamu mwaka 1951, kwa kiasi kikubwa Uganda na Kongo. Nyuma yake kuna mambo ya kweli: Waingereza walivuta maboti mawili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia misitu ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika, wakaikamata meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Meli kubwa, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa makasha 5,000 hadi Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi, na Waingereza wakaiinua. Tangu 1927 inaitwa Liemba.

Mwanzoni mwa filamu askari wa Kijerumani wanakichoma kijiji na kuwakusanya wanakijiji, wanawapeleka. Hatuwaoni tena. Hadithi inageukia Mkanada mlevi na mwanamke wa misheni wanaoteremka mto, na watazamaji wanasahau kwamba mamia ya watu wameondolewa kwenye picha dakika chache zilizopita. Wanakwenda wapi? Wanakwenda kubeba mizigo. Ndiyo vita yenyewe.

Hesabu iko hivi. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 30. Unga wake wa siku ulikuwa karibu kilo moja. Akibeba chakula tu, katika wiki nne hivi atakuwa amekula mzigo wake wote, na hilo ni kama harudi. Ukitaka arudi, gawanya kwa mbili. Kutoka Bukoba kuja Karagwe, yapata siku tano au sita kwa miguu, wapagazi wanaofikisha unga na kurudi wanakula zaidi ya theluthi moja ya walichobeba. Usipowapa unga huo, watakula cha vijiji wanamopita, ndizi za watu, mbuzi wa watu. Kila bunduki iliyofyatuliwa milimani ilikuwa na mkia wa watu wenye magunia kichwani, na kila kijiji kilicho kando ya njia kilikuwa ghala la jeshi fulani, kipende kisipende. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi kiasi cha milioni moja katika vita ile, na makadirio ya kawaida ya waliokufa ni karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Wapagazi wa Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri hivyo.

Katika kanuni nyingi za mezani, chakula hakipo au ni alama ndogo pembeni ya ramani. Inaeleweka, nani atakaa Jumamosi nzima akirushia dadu magunia ya unga? Lakini bila magunia hayo mchezo unamjibu mchezaji swali lisilo sahihi. Unamwambia Lettow alishinda kwa ujanja wa mbinu, wakati swali la kila siku kambini kwake lilikuwa ni mashamba ya nani yatavunwa kesho.

Uingereza iliweka sanamu za ukumbusho wa vita hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, na maneno yake yaliandikwa na Rudyard Kipling, mtu ambaye vitabu vyake vililea wavulana walewale wa Frontiersmen. Ile ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Ile ya Dar es Salaam ina askari mmoja mwenye bunduki na singe, ingawa Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kambi ya wapagazi, iko mwendo wa miguu tu kutoka hapo.

Waandishi wetu wameiona vita kwa jicho jingine, na mara nyingi wameiona mapema. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga utenzi wa Wadachi kuutamalaki Mrima watu waliopigana wakiwa bado hai. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga wa Majimaji, na Ebrahim Hussein akaiweka vita hiyohiyo jukwaani kwa Kinjeketile. M. M. Mulokozi, mtu wa Kagera aliyetafiti tendi za enanga za Wahaya, aliandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe na riwaya ya vijana Moto wa Mianzi; ikiwa mtoto wa sekondari hapa Karagwe anataka vita ya kumchangamsha damu, na aanzie hapo kabla ya Zulu. Abdulrazak Gurnah katika Paradise, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, anaijenga dunia ya misafara na biashara ile ambayo Stanley aliipita haraka Kafuro, na kuifikisha ukingoni mwa vita. Katika Afterlives anaingia ndani ya kambi ya askari, ambako utiifu wa Heia Safari! unageuka viboko, mshahara na woga.

Selous hakurudi kuandika. Aliuawa Beho Beho Januari 4, 1917, na kaburi lake liko katika eneo ambalo mwaka 2019 lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Ule mpaka wa 1890 ulikuja kudai damu tena. Mwishoni mwa Oktoba 1978 Idi Amin alituma jeshi kusini, akadai kwamba Mto Kagera ndio mpaka wa haki, na daraja la Kyaka juu ya mto huo likavunjwa. Majeshi ya Tanzania yalisafirishwa kwa malori na mabasi ya raia yaliyochukuliwa kote nchini, na likatengenezwa daraja la muda kabla hawajavuka. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na mwaka uliofuata Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada.